Zinki oksidi ikibanwa: hesabu majirani kabla ya kupima umbali

Kijana unayeanza somo la fuwele, uwe umetoka skuli Pemba au upo chuoni Tunguu, anza na zinki oksidi. Ni unga mweupe uliomo kwenye kalamini ya duka la dawa, na mabadiliko yake ni wazi kuliko ya oksidi nyingi.

Katika hali ya kawaida kila zinki imezungukwa na oksijeni 4, kila moja umbali wa angstromu 1.98 hivi (angstromu ni sehemu ya bilioni kumi ya mita). Ibane hadi gigapaskali 9 au 10, karibu mara laki moja ya mgandamizo wa hewa, na mpangilio unageuka kuwa kama wa chumvi: oksijeni 6 kwa kila zinki. Punje ya chumvi jikoni kwenu imepangwa vivyo hivyo. Ujazo unashuka ghafla kwa asilimia 17 hivi, lakini umbali kati ya zinki na oksijeni unaongezeka, ukapita 2.1. Wengi hukwama hapa, wakadhani wamekosea hesabu. Hawajakosea. Oksijeni 6 zikiizunguka zinki moja husukumana, kila moja ikarudi nyuma kidogo. Kilichopotea ni nafasi tupu iliyokuwa katikati yao. Ndiyo maana tunasisitiza: majirani kwanza, umbali baadaye. Programu ya VESTA ni ya bure, na itakuonyesha miundo yote miwili hata kama huna maabara.

Ukipata nafasi ya kutumia mashine ya almasi mbili, inayobana sampuli kati ya ncha za almasi, kazi kubwa iko kwenye gasketi, yaani kibati chenye tundu linaloshika sampuli katikati ya almasi hizo. Ya chuma cha pua yenye unene wa mikromita 250 ibonyeze kwanza hadi 50 hivi, kisha toboa katikati kabisa. Kwa almasi yenye uso wa mikromita 300, tundu la 100 hadi 150 linatosha. Tundu likianza kukimbilia upande mmoja, usiendelee kukaza skrubu. Almasi zitagusana na kupasuka.

Mgandamizo husomwa kwa chembe ya yakuti nyekundu iliyowekwa pamoja na sampuli: ikimulikwa hutoa mistari miwili ya mwanga, na ule wa nanomita 694.2 husogea 0.365 kwa kila gigapaskali. Joto nalo huusogeza, kama 0.007 kwa kila digrii. Umeme ukikatika, kiyoyozi kikazima na chumba kikapanda digrii 8, umeshaongeza gigapaskali 0.15 ambazo hazipo. Andika joto la chumba kila unaposoma. Baada ya kukaza, subiri dakika kumi.

Angalia pia kimiminika kinachojaza tundu ili sampuli ibanwe sawasawa pande zote. Methanoli na ethanoli kwa 4:1 huganda karibu na gigapaskali 10, palepale zinki oksidi inapogeuka. Mistari miwili ya yakuti ikinenepa na kuungana, sampuli yako haibanwi sawasawa na namba ya mgeuko haiaminiki. Neoni au heli ni bora zaidi.

Na usifungue mashine ukifika juu. Shuka polepole ukipima: zinki oksidi hairudi kwenye mpangilio wake wa mwanzo ikifika gigapaskali 9, hungoja hadi karibu 2. Ukipima kwenda tu, nusu ya habari umeiacha ndani ya gasketi.