Modeli imepata 0.99, mbona paneli haikai?

SWALI: Assalaam alaykum Mhandisi. Mimi niko Wete. Nimeunda kalibu inayobadilika umbo, ya kutengenezea paneli za boti za faibagilasi: pini 64 zinazopandishwa kwa skrubu, na juu yake mpira wa silikoni. Hesabu za elementi kwenye kompyuta (umbo hugawanywa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kikahesabiwa) hula dakika 40 kwa umbo moja, kwa hiyo nimefundisha modeli kaimu inayotabiri umbo la paneli papo hapo. Nilikuwa na maumbo 40, kila moja nikalibadilisha kidogo mara 15, zikawa data 600. Nikazichanganya, asilimia 80 za kufundishia na 20 za kupimia, nikapata R² (alama ya jinsi utabiri unavyolingana na majibu halisi, 1 ikiwa ndiyo kamili) ya 0.99. Lakini paneli ya kwanza imepishana na mchoro milimita 6 pembeni. Niongeze data, au nitafute mtandao mkubwa zaidi wa neva, yaani modeli ya aina hii hii yenye tabaka nyingi zaidi za hesabu?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwanangu. Usiongeze kitu kwanza. Modeli yako haijapimwa bado.

Ulipolibadilisha umbo moja mara 15 ulizaa ndugu 15 wanaofanana kama pacha. Ukawachanganya kama karata, na kwa hesabu yako ndugu 12 hivi wakaingia darasani, watatu wakabaki kutahiniwa. Swali lile lile lilishajibiwa na ndugu zao! Tenga data kwa ukoo: chukua maumbo 8 kati ya 40, pamoja na watoto wao wote, uyafungie mpaka siku ya mwisho. Usiyachungulie hata kwa kuamua idadi ya tabaka za mtandao, maana ukichungulia ukarekebisha, ukachungulia tena, nayo yamekwisha kuwa data za kufundishia.

Ila linalonichosha khasa ni hiyo R², ambayo watu wananiletea kama cheti cha kumaliza skuli. Chukua kalamu. Tuseme pini zako zinatembea kati ya milimita 0 na 120, na urefu wake umetawanyika sawasawa. Varaiansi yake, yaani kipimo cha mtawanyiko, ni 120 mara 120 gawa kwa 12, unapata 1,200. Sasa chukua modeli ambayo kosa lake la kawaida ni milimita 4. Kipeo chake cha pili ni 16. Gawa 16 kwa 1,200, toa kwenye 1, unapata karibu 0.987. Modeli inayokosea milimita 4 kila inapofungua mdomo imepata 0.99! Mwambie fundi wa boti kwamba maungio yake yatapishana milimita 4 uone atakavyokutazama. Kwa hiyo andika makosa kwa milimita, andika kubwa kuliko yote, na andika limetokea wapi. Kwako limetokea pembeni, na sishangai: pale mpira hauna pini upande wa nje wa kuushikilia, na pointi za katikati, ambazo ni nyingi na rahisi, zinaizamisha pembe ndani ya wastani.

Kisha fanya jambo la kizamani. Fundi wa majahazi akitaka kuona kama mataruma yamekaa sawa, hulaza juu yake ubao mwembamba unaopinda, akautazama kwa jicho moja. Hiyo ndiyo splaini, na za kwenye kompyuta zimerithi jina na kazi ya ubao wa namna hiyo. Pitisha splaini juu ya vichwa vya pini zako, bila kufundisha chochote, upime makosa yake kwenye maumbo yale 8. Kama modeli yako haiushindi ubao, huna modeli. Nimeshaona mitandao ya neva yenye tabaka kumi ikishindwa na ubao.

Halafu, umempima kaimu kwa bosi wake tu, yaani kwa hesabu za elementi. Bosi naye hukosea. Panga maumbo 10 kwenye kalibu yenyewe, mimina, subiri, pima kwa geji ya saa. Umbo moja lirudie mara tatu bila kubadilisha kitu: zikipishana milimita moja na nusu kwa sababu skrubu zina mchezo, hakuna modeli itakayokupa chini ya hapo. Na usipime wakati wa kipupwe tu. Resini ya poliesta huganda upesi zaidi kwenye joto la kaskazi, na jinsi inavyoganda na kujivuta ndivyo paneli inavyopinda ukishaitoa.

Mimi mwenyewe niliwahi kuipokea modeli ya mtu kwa sababu ya namba nzuri. Tukamimina. Paneli ilipowekwa juu ya meza, kidole changu cha mwisho kilipita chini ya pembe bila kugusa. Resini ya wiki nzima tukaikatakata kwa msumeno.

Siku hizi modeli zinauzwa kwenye flashi kama kaseti za zamani: ya kukadiria ukaukaji wa karafuu, ya pampu za visima, ya betri za sola, zote "usahihi 99". Muuzaji hajui data za kupimia zilitoka wapi, wala pampu hiyo hajawahi kuishika. Ya karafuu imefundishwa kwa siku za jua kali, kisha inapelekwa kwa mtu ambaye majamvi yake yananyeshewa kila alasiri. Juzi mmoja kaniletea ya kalibu, nikamwomba faili la majaribio na orodha ya maumbo yaliyotengwa. Kasema ataileta baada ya Ijumaa. Ijumaa mbili zimepita.