Amunike safari zilimsaidia, sisi ndo hatukumpa muda

Mmeuliza wiki hii, mchezaji aliyezunguka nchi nyingi akija kuwa kocha je zile safari zinamsaidia au ni sifa za kwenye CV tu. Mi nasema zinamsaidia sana na mfano wangu ni Emmanuel Amunike wa Nigeria, maana tulikuwa naye hapahapa akiwa kocha wa Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania.

Watu wanamjua kwa Barcelona, na kule ndo goti lilimharibia. Ila angalieni njia yake, katoka Julius Berger ya Lagos kaenda Zamalek, halafu Sporting ya Ureno, ndo Barcelona 1996, baadae Albacete, Busan ya Korea Kusini, kamalizia Al-Wehdat ya Jordan. Na 1994 magoli yote mawili ya Nigeria fainali ya AFCON (kombe la mataifa ya Afrika) na Zambia kafunga yeye, mwaka huohuo akawa mchezaji bora wa Afrika, na Olimpiki ya 1996 goli lake la mwishoni kabisa ndo liliwapa dhahabu mbele ya Argentina.

Mtu wa hivyo anajua mgeni kwenye timu hana mjomba, nidhamu yako ndo inakuweka uwanjani. Alivyofika kwetu 2018 kuna wachezaji wa Simba walichelewa kuripoti kambini akawaengua, kelele zikawa nyingi lakini hakutetereka. Kwenye mechi za kufuzu AFCON 2019 tukapigwa 3 Cape Verde, Lesotho nao wakatufunga, wengi wakakata tamaa, ikabaki Uganda Machi 2019 pale uwanja wa Taifa tukawapiga 3-0, Msuva, Erasto Nyoni kwa penati na Aggrey Morris, huku Lesotho wakitoka sare na Cape Verde. Tukafuzu AFCON baada ya miaka 39 jamani! Mara ya mwisho ilikuwa 1980, tena Nigeria kwao, yeye mtoto wa miaka tisa.

Kwenye AFCON yenyewe kule Misri sikatai tulifungwa zote tatu, na ile ya Kenya 3-2 iliniuma kweli maana tuliongoza mara mbili. Ila hao wengine walikuwa Senegal na Algeria, timu zilezile mbili zilizokuja kucheza fainali! Julai hiyohiyo akaondolewa.

Na huyu ndo kocha aliyechukua kombe la dunia la vijana chini ya miaka 17 na Nigeria kule Chile 2015, mshambuliaji wake Osimhen akitupia magoli 10. Mi ningempa Stars na Serengeti Boys (timu yetu ya vijana chini ya miaka 17) kwa pamoja, mkataba wa miaka minne.