Kodi imeshushwa Iowa, lakini msinipangie bajeti

Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo.

Nimeiona video aliyoirusha mpwa wangu kwenye grupu la ukoo, ya yule mjumbe wa bunge la Iowa, jimbo la Marekani ninaloishi, anayesema wamekata kodi ya mapato mpaka asilimia 3.8, wamewaondolea waajiri amri za serikali, na sasa mfanyakazi anabaki na jasho lake. Nimeyasoma na maneno yaliyofuata chini yake. Baba mdogo kaandika kwamba sasa sina kisingizio. Dada kauliza kama paa la nyumba ya mama linaweza kuanza mwezi ujao. Mwingine, simtaji, kasema wenzetu wamefutiwa kodi halafu wanatutumia laki mbili kama sadaka. Hilo la mwisho limenikaa kooni wiki nzima, na nikilinyamazia litageuka ukweli hapo nyumbani.

Kodi haijafutwa. Huyo mzee si mbunge wa Washington. Iowa ina bunge lake mjini Des Moines, wawakilishi 100 na maseneta 50, wanakutana miezi michache tangu Januari na wanalipwa dola 25,000 kwa mwaka, ndiyo maana wengi wana shamba au biashara pembeni. Wanachoweza kupunguza ni kodi ya jimbo tu. Kodi ya mapato ya serikali kuu iko palepale. Social Security, yaani mfuko wa uzeeni, asilimia 6.2, iko palepale. Medicare, bima ya afya ya wazee, asilimia 1.45, iko palepale, na hizo mbili zinakatwa tangu dola ya kwanza, hata uwe unafagia choo. Dukani hapa Davenport, mji ninaoishi, naongeza asilimia 7 kwenye sabuni na viatu.

Sasa tupige hesabu wote, maana mnapenda kunipigia mimi. Nalipwa dola 18 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, mwaka mzima ni dola 37,440. Ukitoa kile kiasi kisichotozwa kodi, zinabaki kama 23,000. Kwa viwango vya mwaka 2024, vilivyokuwa vinapanda kwa ngazi, Iowa ingechukua kama dola 1,080 hapo. Kwa asilimia 3.8 iliyoanza 2025, inachukua kama 874. Nimebakiziwa dola 200 na kidogo kwa mwaka. Kwa mwezi ni dola 17. Hizo ndizo mnazotaka ziezeke nyumba.

Mwenye dola 500,000 za kutozwa kodi, kwa sheria hiyohiyo, kabakiziwa zaidi ya dola 9,000. Miaka michache tu nyuma, mwaka 2022, ngazi ya juu kabisa ilikuwa asilimia 8.53. Huyo ana haki ya kurusha video kwenye grupu la ukoo wao.

Lakini kodi siyo iliyonifanya niandike. Ni yale maneno mengine, kwamba waajiri wameondolewa amri za serikali. Mlipiga makofi mkidhani ni urasimu, kama kuzungushwa ofisi hadi ofisi kutafuta leseni ya duka. Amri zenyewe ni hizi: kima cha chini cha mshahara, na likizo ya ugonjwa yenye malipo.

Kima cha chini cha Iowa ni dola 7.25 kwa saa tangu 2008. Hakijasogea. Johnson, kaunti yenye mji wa Iowa City, ilichoka kusubiri, ikapandisha chake kidogo kidogo mpaka 10.10 Januari 2017. Mwisho wa Machi mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria ya kuzikataza kaunti na miji yote kuweka kima chao, kuweka likizo yao, hata kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Mama wa Kikongo aliyekuwa anasafisha vyumba vya hoteli kwa 10.10 alirudi kuwa mtu ambaye sheria inaruhusu alipwe 7.25. Mwaka 2022 bunge hilohilo likapunguza wiki za malipo ya aliyepoteza kazi, kutoka 26 hadi 16.

Nilimuuliza mjumbe mmoja mambo haya. Wakati wa vikao vya bunge wana desturi ya kuja Jumamosi asubuhi kwenye maktaba, viti vya kukunja, kahawa nyepesi, unaandika swali kwenye kikaratasi. Mimi nina kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, sipigi kura, nalipa tu, lakini hakuna aliyenifukuza na swali langu lilisomwa. Naye alinijibu kwa heshima, na nitamtendea haki. Alisema pesa ni ya aliyeitolea jasho kabla haijawa ya serikali. Alisema Iowa ina kaunti 99, na mwenye malori hawezi kuendesha kazi kwa sheria 99. Alisema duka la wafanyakazi watano likilazimishwa kumlipa aliye kitandani, litamwajiri mtu mmoja pungufu. Na akasema soko lenyewe limepandisha mishahara bila amri ya mtu.

Kwenye hilo la mwisho hakudanganya. Ghalani kwetu hakuna anayelipwa 7.25, wangemkosa wa kumlipa. Na kodi kuwa rahisi ni jambo jema, nimeijaza fomu ya jimbo mwenyewe bila kumlipa mtu. Ila anachukia amri, halafu ametunga amri ya kuzinyima kaunti uamuzi wao. Anamwamini mfanyabiashara ajiamulie, hawaamini watu wa Iowa City wajiamulie. Hilo nilitaka kumrudishia, muda ukaisha, zamu ya maswali ikaenda kwenye barabara.

Nawaeleza sasa kukosa amri kunavyoonekana ukiwa ndani yake. Mnajua nabeba maboksi. Hamjui kwamba ni ghala la vyakula vya kugandisha, nyuzi 20 chini ya sifuri, kiangazi na kipupwe. Pumzi inaganda kwenye kitambaa cha mdomo kikawa kigumu kama kadibodi. Skana inafunga ukungu, haisomi lebo, inabidi uvue glavu uifute kwa kidole gumba, na kidole hicho hukisikii tena mpaka mapumziko. Mwaka jana nilishikwa na homa kali, mafua ya kweli, siyo haya ya kupiga chafya. Nikampigia supavaiza kabla ya shifti. Hakunitukana. Alifungua tableti yake, nikasikia vidole vinagonga kioo, akaniuliza kama najua nimebakiwa na pointi ngapi.

Huku kuna pointi. Ukikosa kazi, pointi. Ukichelewa, nusu pointi. Cheti cha daktari hakiifuti. Zikifika idadi waliyoipanga, kadi yako ya mlangoni haifungui. Iowa haina sheria ya kumlazimisha mwajiri akulipe siku ya ugonjwa. Ipo ya serikali kuu ya tangu 1993, inakupa wiki 12 za kukaa nje, bila malipo, kama umetimiza mwaka, kama kampuni ina watu 50, na kama ugonjwa ni mzito wa kutosha. Homa ya siku mbili haimo. Nilivaa koti nikaenda. Nikapakia maboksi ya nyama huku natetemeka, na jamaa wa Burundi aliyekuwa pembeni yangu akaugua wiki iliyofuata.

Ningelala nyumbani, kila siku ingekuwa dola 144 zimeondoka. Siku mbili za mafua zinameza punguzo lote la kodi la mwaka na kudai chenji. Hesabu hiyo haimo kwenye video.

Mnauliza kwa nini basi sirudi. Kwa sababu mshahara huu, pamoja na makato yote, unasomesha watoto wanne ambao siyo wangu, na dawa za presha za mama hazijawahi kukatika. Nikisema kazi ni ya kudhalilisha, msiniambie niiache. Nikisema inalipa, msiniambie niongeze. Vyote viwili ni kweli. Kuna usiku najiona niliwakimbia, nikakosa msiba wa mjomba, nikatuma rambirambi kwa simu kama mtu wa mbali. Kuna asubuhi nafungua ujumbe wenu, hakuna hata "umeamkaje", ni tarakimu tu, na huruma yote inanitoka.

Na kutuma kwenyewe kumeingiliwa. Tangu Januari 1, 2026, serikali kuu inatoza asilimia 1 kwa anayetuma fedha nje kwa pesa taslimu, hawala au hundi ya benki. Mwanzo bungeni ilizungumzwa asilimia 5, ikashuka 3.5, kwa wasio raia. Ikaishia 1 kwa kila mtu. Ukitoa pesa kwenye akaunti ya benki ya huku au kadi yake, haikugusi, kwa hiyo mimi natuma kwa kadi. Nyie mliopitia tozo ya miamala ya simu mwaka 2021 hamhitaji kuelezwa mtu anavyojisikia akikatwa njiani kwenye pesa iliyokwisha kukatwa. Huyu shujaa wenu wa kukata kodi sijamsikia akilisemea hilo.

Majibu yenu, basi. Ada inaendelea kama kawaida, naituma moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Paa lisubiri Machi, marejesho ya kodi yakiingia. Fundi aandike bei ya mbao na bati, siyo kunitajia kwa mdomo. Michango ya harusi za Desemba sitoi, na hasira mtakazonikasirikia nitazivumilia.

Mpwa wangu, wewe uliyeirusha video, najua unataka kuja. Usije kwa sababu ya kodi. Kama una kazi hapo Tanga inayokulisha na kukulaza, kaa nayo, nakuambia kama mtoto wa dada yangu. Ila nakujua, njia ikikufungukia utakuja tu, kama mimi nilivyokuja nikiwa nimeonywa, kwa hiyo sikiliza. Usiulize Marekani ikoje, uliza jimbo lipi. Davenport tupo kando ya mto Mississippi. Ukivuka daraja umeingia jimbo la Illinois, miji ya Rock Island na Moline, na huko Kiswahili cha Wakongo na Warundi utakisikia hadi foleni ya duka. Kodi yao ya mapato ni asilimia 4.95, kubwa kuliko yetu. Kima chao cha chini ni dola 15 tangu Januari 2025. Tangu 2024 sheria yao inamlazimisha mwajiri akuwekee saa moja ya likizo yenye malipo kwa kila saa 40 ulizofanya kazi, mpaka saa 40 kwa mwaka, na hakuulizi unaitumia kwa nini. Maduka yao hayajafungwa.

Kuna jambo watu wa mtoni wanalijua na video haikulisema: Iowa na Illinois zina makubaliano kwamba mshahara unatozwa kodi na jimbo unaloishi. Ukilala Davenport ukafanya kazi Moline, unalipa ile 3.8 ya Iowa na likizo unayo ya Illinois. Nimeshapeleka maombi kwenye ghala moja ng'ambo ya pili. Mshahara ni uleule wa dola 18, baridi ni ileile. Tofauti ni hizo saa 40, na nimewaambia naweza kuanza Jumatatu yoyote.