Peroksaidi ndogo kwenye dagaa wa zamani: usishangilie mapema

Mkuu, umeuliza inakuwaje dagaa wako waliokaa stoo miezi kadhaa waonyeshe peroksaidi (dalili ya mafuta kuanza kuharibika) ndogo kuliko walioanuliwa juzi, na kama uandike kwamba wamehifadhika vizuri. Usiandike hivyo. Nimepima dagaa wengi wa soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na jambo hili hujirudia.

Mafuta ya dagaa yakipigwa na hewa, mwanga na joto hutengeneza peroksaidi. Hizo hupanda, zikafika kilele, kisha huvunjika na kuzaa aldehaidi, ambazo ndizo zenye ile harufu ya kuchacha. Kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa ya dagaa wapya kabisa, au ya waliokwisha kuvuka kilele. Titresheni ya thiosalfeti, yaani kupima peroksaidi kwa kudondosha kemikali hiyo, haikwambii ni wepi. Inapima tu iodini iliyofunguliwa na peroksaidi zilizopo siku hiyo. Mama muuza dagaa atanusa tofauti kabla hujajaza bureti, ule mrija wa kudondoshea, na pua yake naiheshimu sana.

Ongeza kipimo cha anisidini, kinachopima hizo aldehaidi. Zidisha peroksaidi kwa mbili, jumlisha anisidini, unapata totoksi, yaani jumla ya uharibifu wa mafuta. Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) cha 2017 kwa mafuta ya samaki kinataka peroksaidi isizidi 5, anisidini 20, totoksi 26. Kiliwekwa kwa mafuta yenyewe, si kwa dagaa wakavu, basi kichukue kama dira tu. Ukitumia TBA, kipimo kingine cha aldehaidi, ile rangi ya waridi inayosomwa kwenye nanomita 532, jihadhari na dagaa wa moshi: moshi una aldehaidi zake.

Na mafuta usiyatoe kwa kuchemsha. Joto hubadilisha kilekile unachokipima. Tumia kloroformu na methanoli bila moto, ficha chupa na mwanga, pima siku hiyohiyo.

Kuhusu tangawizi uliyosema imegeuza DPPH (kemikali ya kupimia nguvu ya kitu kuzuia uharibifu wa oksijeni) kutoka zambarau hadi njano: hiyo ni kazi yake ndani ya methanoli. Kwenye dagaa mambo ni mengine, kuna chumvi, chuma cha damu, na mafuta yaliyojificha ndani ya nyama. Gawa dagaa wa mtumbwi mmoja, nusu wachovye kwenye maji ya tangawizi, nusu kwenye maji matupu, waanike kichanja kimoja, kisha pima peroksaidi na anisidini kila wiki. Sampuli chota juu ya gunia na katikati pia, uzipime kila moja peke yake. Wa juu hupata hewa zaidi.