Kabla hujafungua hizo pakiti

*Assalam aleikum Khalati. Nina miaka 26, naishi Kisauni, niliolewa mwaka jana. Hedhi yangu huja ikitaka: mara baada ya miezi miwili, mara mitatu, na ikija huja kwa fujo. Taya imejaa chunusi ngumu, utosini nywele zinapukutika, na kidevuni naota vinyweleo ambavyo navinyofoa usiku mume akishalala. Mama mkwe, ambaye anataka mjukuu, alinipeleka mjini kwa bwana anayeuza dawa za ayurveda, zile za jadi ya Kihindi. Alinishika mkono, akatazama ulimi, akasema nina kapha nyingi (uzito na ubaridi wa mwili, kwa lugha yao) na damu imekwama. Nimepewa pakiti tatu za unga zisizo na jina, ninywe na maziwa ya moto siku 90, na nisikanyage hospitali kwa sababu watanikata kizazi. Sijaanza. Nianze?*
*Mwenye Kidevu, Kisauni*

Wa aleikum salam, mwanangu. Usianze. Lakini usizitupe pia: zifunge vizuri uziweke, daktari huenda akataka kuziona.

Umeniorodheshea mambo manne kana kwamba ni mikosi minne. Mara nyingi huwa ni jambo moja. Kila mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini, na zikizidi hutokea hayo hayo: chunusi za taya, ndevu, nywele za utosini kupungua. Kinachozizidisha aghalabu ni insulini, homoni inayoratibu sukari mwilini. Mwili ukiwa mzito kuiitikia, kongosho humwaga nyingi zaidi, na wingi huo huzichochea ovari zitoe testosteroni, homoni kuu ya kiume. Hapo yai halipevuki likatoka. Yai lisipotoka, hedhi haina ratiba, na utando wa ndani ya kizazi unazidi kuwa mnene mpaka ubomoke wenyewe. Ndiyo ile fujo yako. Jitazame nyuma ya shingo na kwapani: ukiona weusi laini kama mahameli usiotoka hata usugue na dodoki, si uchafu, ni alama ya insulini.

Hali hii madaktari huiita PCOS (polycystic ovary syndrome), yaani ovari zenye vifuko vingi. Inakadiriwa kwamba inampata takriban mwanamke mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajui. Vifuko hivyo, vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi, si uvimbe, ni vijiyai vilivyokwama njiani. Na hofu ya kukatwa ina historia yake, kwani Stein na Leventhal, madaktari wa Chicago walioieleza hali hii mwaka 1935, walikuwa wakikata kipande cha ovari. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na vidonge. Atakayekuambia kizazi kitatolewa kwa sababu ya chunusi na hedhi kuruka, mwache na biashara yake.

Ayurveda yenyewe siitukani. Kule India ni elimu ya chuo, miaka mitano na nusu, na tabibu aliyesoma hukuuliza unalala saa ngapi na unakula nini kabla hajagusa dawa. Mtu wa kapha huambiwa apunguze sukari na vya mafuta mazito, chakula kikubwa akile mchana, asilale mchana, atembee. Hayo yafuate yote, maana hata kliniki watakwambia karibu hayo hayo. Kama uzito umezidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu huweza kuirudisha hedhi. Mwenye kilo 80, hiyo ni kilo 4 hadi 8. Mbaazi za nazi kula, mahamri punguza. Chai ya vijiko vinne vya sukari, hapana kabisa, na juisi ya dukani usijidanganye kuwa ni tunda. Uwatu na mdalasini vya kupikia havina neno. Tembea kwa kasi nusu saa, siku tano kwa wiki, hata ufuoni kule Pirates jua likishapoa.

Unga usio na jina ndio ninaoukataa. Katika ayurveda kuna tawi linalotia madini kwenye dawa kwa makusudi: zebaki, risasi, aseniki. Watafiti walipopima dawa 70 za ayurveda zilizonunuliwa madukani Boston, matokeo yao ya mwaka 2004 yalionyesha moja kati ya kila tano ina madini hayo. Risasi hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto, na wewe ndiye unayetafutiwa mjukuu! Hata mimea mitupu si salama kwa kila mtu. Ashwagandha imewahi kuumiza ini na huweza kupandisha homoni za tezi ya shingo. Mwarobaini wa kunywa haumfai anayetafuta mimba. Na dawa ya unga ikikung'arisha ngozi ndani ya wiki moja, shuku imechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo zenyewe huleta chunusi na kuvuruga hedhi.

Sasa nenda kliniki ya wanawake, iwe hospitali kuu ya Makadara au yoyote unayoimudu. Kwanza kipimo cha mimba; usicheke, hedhi ya kuruka haizuii mimba. Kisha tezi ya shingo, prolaktini (homoni ya maziwa), testosteroni, sukari, na picha ya ultrasaundi. Tezi na prolaktini huweza kuvuruga hedhi vilevile na tiba zake ni nyingine, na hilo halionekani kwenye ulimi wa mtu. Hedhi ikipita miezi mitatu bila kuja, usikae kimya: utando ule ukiachwa miaka unaweza kugeuka saratani, na kuna vidonge vya siku chache vya kuuteremsha. Mwambie daktari mapema kwamba unataka mtoto, kwa sababu vidonge vya kupanga uzazi ndivyo hutolewa mara nyingi, na kwako huenda akachagua letrozoli ya kulipevusha yai. Ndevu zina ukaidi. Tiba yoyote ipe miezi sita. Kuzinyofoa hakuzizidishi, ila huacha vipele na madoa. Uzi kwa fundi anayejua ni nafuu.

Mama mkwe usimfiche. Mwambie, "Mama, nimekubali kutibiwa, twende wote nikapimwe kwanza." Mtu aliyekaa nawe kwenye foleni ya maabara ni vigumu kukuletea pakiti nyingine. Na mumeo naye aende akapimwe manii. Hicho ni kipimo chepesi kuliko vingi nilivyokutajia, na mwaka mzima umepita bila yeyote kumtajia.