Injini ya pikapu imechoka: uifufue au uweke nyingine?

Kabla hujazungumza na fundi yeyote habari za injini, chukua tochi na nyundo ndogo ulale chini ya pikapu. Gonga chesisi taratibu, hasa pale springi za nyuma zinaposhikia na chini ya kabini, ambako tope hukaa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu hutoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama kabisa. Ukikuta hivyo, hesabu za injini zisitishe kwanza, kwa sababu injini nzuri juu ya chesisi iliyooza ni pesa uliyoifunga kwa bolti kwenye chuma chakavu.

Chesisi ikiwa nzima, ndiyo tuongee.

Watu wengi huamua kwa kuangalia moshi. Moshi unasema kitu, lakini hausemi yote. Wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka asubuhi tu unapowasha kisha ukapotea, shuku sili za vali, na hizo si sababu ya kufungua injini nzima. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, shuku ringi, yaani pete za chuma zinazoizunguka pistoni. Mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepinda au kupasuka. Mweusi ni mafuta yanayozidi; shughulika na kabureta au nozeli, uiache injini ipumzike.

Pikapu yangu ya petroli ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu kwenye vilima. Fundi mmoja alishaipa hukumu ya kutolewa injini kabla hajashika spana. Mimi nikataka ipimwe kompresheni kwanza, yaani presha ambayo pistoni inaijenga ndani ya kila silinda. Injini ipate moto, plagi zote zitolewe, umeme wa plagi na mafuta vikatwe, betri iwe imejaa, na mtu akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata. Silinda tatu zilisoma karibu 160 psi (kipimo cha presha). Ya nne, ile iliyo upande wa kabini, ikagota kwenye 95. Tukamwaga oili kidogo kwenye tundu la plagi ya silinda hiyo na kupima tena: mshale ukapanda hadi kupita 130. Oili inapopandisha kipimo namna hiyo, maana yake imeziba upenyo kwenye ringi. Isingepanda, tungetazama vali na gasketi. (Mwenye dizeli asijaribu mbinu hii ya oili, na atumie geji ya dizeli, vipimo vyake hupita 300, geji ya petroli si saizi yake.)

Tofauti kati ya silinda iliyo juu na iliyo chini ikizidi kama asilimia 15, kuna jambo. Lakini hata hapo bado hujaamua. Uamuzi wenyewe uko kwenye bloku (mwili wa injini wenye silinda) na krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), na hivyo huvioni mpaka injini ifunguliwe. Ilipofunguliwa ya kwangu, ringi ya juu ya pistoni ya nne ilikuwa imekatika, na ukuta wa silinda una mchirizi unaoshika kucha. Krenki nikaipitishia kucha vilevile, kila mahali konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, inaposhikia: laini kote. Nikajua inafufuka. Bloku ingekuwa na ufa, au konrodi imeitoboa, nisingepoteza muda.

Jambo moja ningelisema kwa sauti kubwa zaidi: spea zisinunuliwe kabla ya vipimo. Bloku na krenki ziende kwanza kwa mwenye mashine ya kuchonga. Yeye ndiye atakayesema kama silinda zitapanuliwa na kuhitaji pistoni kubwa zaidi za milimita 0.50 au 1.00, na kama krenki itachongwa na kutaka beringi za milimita 0.25. Ukiwa umeshanunua za saizi ya kawaida, umejinunulia mapambo ya kabatini. Kwa sababu hiyohiyo, kama hakuna mchongaji unayemwamini, kufufua si chaguo lako hata bloku iwe nzuri namna gani. Fundi wa kufunga anaweza kuwa hodari. Hawezi kurekebisha silinda iliyochongwa kombo.

Kuweka injini nyingine kuna faida moja kubwa: gari linarudi barabarani haraka. Ila injini iliyotumika nayo ina historia usiyoijua. Izungushe kwa spana kwenye bolti ya pulii ya krenki. Izunguke mizunguko miwili kamili bila kugoma. Fungua kifuniko cha oili. Ukiona ute wa rangi ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, iache hapo hapo. Chomoa plagi, mulika ndani uone kama kuna kutu. Na kabla haijashuka kwenye gari, badilisha sili ya nyuma ya krenki, pampu ya maji na beliti ya taimingi kama inayo. Sili hiyo ikivuja baadaye, giaboksi itabidi ishuke tena.

Injini ya aina tofauti kabisa ni habari nyingine. Mauntingi, giaboksi, shafti, rejeta, waya na kompyuta ya injini vyote vinataka kuongea lugha moja, na mara nyingi waya ndio humaliza subira ya mwenye gari. Mimi siipendekezi kwa pikapu ya kazi. Chukua namba ya injini yako, tafuta ileile, na uulize mapema utaratibu wa kubadilisha namba hiyo kwenye hati za gari.

Ukifufua, mwaga oili ya kwanza baada ya kilomita 500 hadi 1,000, na usibebe mzigo mzito kabla ya hapo. Ukibadilisha, injini ya zamani usiiuze kama chuma mpaka mpya iwe imetembea: braketi, pulii au bomba fulani la ile mpya halitakaa, na la zamani ndilo litakalokaa.