Omaha: ree mbili pekee hazitoshi kupandisha dau mara ya pili kabla ya flopu

Ndugu yetu wa Iringa ameuliza kwa nini kila apatapo ree mbili katika Omaha, poka ya kushika karata nne, hupandisha dau juu ya dau la mwenzake kabla ya flopu, yaani karata tatu za kwanza za mezani, tena kwa kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa, na bado usiku unakwisha akiwa hana kitu mbele yake. Namjibu kwa kirefu kwa sababu kosa hilo nimelifanya kwa muda mrefu, na lilinichukua maharage mengi kabla sijalielewa.

Nasema maharage kwa maana yake halisi. Hapa Mbeya tunacheza watu sita, Jumamosi jioni, nyumbani kwa rafiki yetu mtaa wa Forest, na hatuweki fedha mezani. Kila mtu huhesabiwa punje 200, dau dogo la lazima ni punje 1 na kubwa ni punje 2, na anayeishiwa wa kwanza ndiye anayekwenda kuchemsha chai ya wote, jambo ambalo mwezi wa Julai si adhabu ndogo, kwa kuwa jiko la mkaa liko uani.

Siku iliyonifundisha nilikuwa kwenye dau kubwa, yaani ilikuwa zamu yangu kuweka zile punje 2. Aliyekaa kiti cha mgawaji, mzee mmoja aliyewahi kuendesha malori ya Tunduma, alifungua kwa punje 7, dau dogo likajitoa, nami nikatazama karata zangu nne: ree mbili, 7 na 2, kila moja ya aina yake, kopa, uru, shupaza na pao. Nikapandisha hadi 22, ambacho ndicho kikomo, kwa kuwa mezani palikuwa na 10, nikiongeza 5 za kumfikia zinakuwa 15, na hizo 15 ndizo ninazoruhusiwa kuongeza juu ya 7 zake. Mzee akalipia bila kusita. Fungu, yaani jumla ya punje zilizo mezani, likawa 45, na kila mmoja wetu akabaki na 178, yaani karibu mara nne ya kilichokuwa mezani.

Flopu ikaleta 9, 7 na 4. Nikaweka 45, naye akasukuma zote 178, nami nikafuata kwa sababu, nilijiambia, nina ree. Alifunua 8, 7, 6 na 5. Ukihesabu karata zilizokuwa zinamkamilishia mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, ukikumbuka kwamba katika Omaha unatumia mbili tu za mkononi na tatu za mezani, utaona kwamba kila 10, kila 8, kila 6, kila 5 na kila 3 iliyobaki ilikuwa yake: karata 17 kati ya 41 ambazo hatukuwa tumeziona, na bado nafasi mbili za kuzipata. Hiyo ni zaidi ya mara 6 katika kila 10. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, na 10 iliyofuata haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Chai niliipika.

Kosa halikuwa kufuata ile 178 peke yake. Lilianzia kwenye 22. Ree mbili kavu, yaani zisizo na karata za kuzisaidia, zikikutana na karata nne zinazofuatana na zenye aina mbilimbili, yaani mbili za aina moja na mbili za nyingine, huwa karibu nusu kwa nusu hata kabla ya flopu, na flopu yenyewe huleta ree ya tatu takriban mara 12 tu katika kila 100. Katika zile 88 nyingine mara nyingi unabaki na jozi moja tu, unaongea wa kwanza, yaani unaamua kabla ya mwenzako, na mpinzani anajua ulichoshika, kwa sababu wachezaji wengi wa huku kwetu hawapandishi mara ya pili ila kwa ree. Yeye anakujua, wewe humjui, na bado mna punje nyingi za kugombania.

Kwa hiyo siku hizi, kabla ya kutazama uzuri wa karata, hujiuliza nitabaki na kiasi gani nikilipiwa. Ningekuwa na punje 60 tu siku ile, baada ya 22 ningebaki na 38 dhidi ya fungu la 45, ningezisukuma zote kwenye flopu karibu yoyote, na ree zangu kavu zingetosha kabisa. Kwa punje 200, hasa nikiwa wa kwanza kuongea, nataka ree zenye wenzake: ree mbili, ghulamu na 10, kila ree ikiwa na mwenzake mmoja wa aina ileile. Hizo napandisha mahali popote.

Nikiwa wa mwisho kuongea mambo hubadilika, na hapo ndipo wengi wanapoacha faida. Mtu anayefungua ovyo akiweka 7, napandisha hadi 24 hata kwa mfalme, malkia, ghulamu na 10 za aina mbilimbili, au 10, 9, 8 na 7, nia yangu ikiwa kuwaondoa walio nyuma na kubaki naye peke yake huku nikiona anachofanya kabla yangu. Hilo pia humfanya asiweze kusema kwa uhakika kwamba nina ree. Lakini kama aliyefungua ni yule anayepandisha dau mara mbili tu kwa usiku mzima, nalipia tu, maana akinipandishia tena ninalipa ghali kukutana na ree zake. Wafalme wawili wenye 8 na 3 sipandishi kamwe; 6, 5, 4 na 3 vilevile, kwa sababu mfululizo wake mara nyingi ni ule wa chini. Na ree tatu mkononi, ambazo wageni huzishangilia, ni hasara: unatumia mbili, na ya tatu umejinyima mwenyewe.

Na mkono ulioutaja, ndugu wa Iringa, ree mbili na 9 na 4 za aina nne tofauti, ukiwa kwenye dau kubwa na wote mkiwa na akiba kamili, mimi ningelipia tu. Jumamosi iliyopita nilipata unaofanana nao, nikaongeza punje 5 kufikia 7, flopu ikaleta 10, 9 na 8, mzee akaweka fungu zima, nikatupa. Chai alipika mwingine.